Kumpima Mgombea kwa Maandishi

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima. Limepigwa chapa kama lilivyosomwa, ili wanafunzi walisome tena wenyewe.

Nasema nanyi, wanafunzi wa Moshi mjini, nanyi mlioko juu mlimani: Machame, Kibosho, Uru, Old Moshi, Kilema, Marangu, mpaka Rombo. Natumaini taa imewashwa, daftari liko tayari, na kila mmoja amepata mahali pa kukaa. Mwalimu wa darasa, tafadhali hakikisha kuwa walioketi nyuma wanasikia.

Leo hatutasoma habari za mbolea wala hesabu za riba. Leo tutasoma habari za mtu ajaye kwetu kuomba kura ya ubunge, nasi tutajifunza namna ya kujua msimamo wake katika mambo ya uchumi: kodi, ushuru, mazao, maji na fedha za umma.

Nitaanza na kisa kifupi. Nilipotembelea darasa moja huko juu, nilimkuta mama mmoja ambaye umri wake umepita miaka 60. Alikuwa amejifunza kusoma mwaka ule ule. Alitoa karatasi ya mgombea, iliyokunjwa mara nne, akaisoma mbele yetu polepole, kidole chini ya kila neno. Karatasi ilisema hivi: nitapandisha bei ya kahawa, nitafuta ushuru, nitaleta maji. Tukampigia makofi, maana alisoma bila kosa hata moja. Lakini yeye hakucheka. Aliniuliza, "Mwalimu, nimeisoma yote. Sasa nitajuaje kama ni kweli?"

Siku ile nilimjibu, "Mama, fikiri vizuri kabla ya kuchagua." Njiani nikirudi niliona haya. Lile halikuwa jibu. Mtu amekwisha fanya kazi ngumu ya kujifunza kusoma, nami nikamwambia afikiri, kana kwamba hafikiri. Basi somo la leo ndilo jibu nililomnyima.

ALAMA NA MAANDISHI

Wazee waliomo darasani watakumbuka uchaguzi wa mwaka 1965. Wagombea walikuwa wawili katika kila jimbo lililopigiwa kura, wote wa chama kimoja. Mmoja alipewa alama ya jembe, wa pili alama ya nyumba. Alama hizo zilikuwa msaada mkubwa, kwa sababu watu wengi hawakujua kusoma majina. Na wapiga kura hawakuogopa kuchagua: hata Waziri wa Fedha wa wakati ule, Bwana Paul Bomani, alishindwa katika jimbo lake huko Mwanza.

Tazameni basi. Alama huusaidia mkono kuweka kura mahali mtu anapotaka. Lakini alama haimwambii mtu yule mwenye jembe alisema nini juu ya kodi, wala yule mwenye nyumba alifanya nini na fedha za halmashauri. Mambo hayo yamo katika maandishi. Mwaka 1970, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha masomo ya redio yaliyoitwa "Uchaguzi ni Wako". Tangu zamani, basi, elimu ya watu wazima na kura zimekwenda pamoja. Aliyejua kusoma amepata chombo cha kumpima mgombea.

Nasi watu wa Kilimanjaro twajua kupima. Wakulima wa hapa waliunda chama chao cha kwanza cha kahawa mwaka 1925, na mwaka 1933 kikaanzishwa chama kikuu cha ushirika, KNCU. Tangu siku hizo mkulima apelekaye kahawa chamani hutazama mzani, kisha hungoja stakabadhi. Karani akisema, "Nenda tu, nitakukumbuka," nani atakubali? Hakuna. Basi ikiwa hatutoi gunia moja la kahawa bila stakabadhi, yatupasa tutazame stakabadhi za mgombea kabla ya kumpa miaka mitano.

AHADI NA MSIMAMO

Kwanza tutenganishe maneno mawili. Ahadi ni neno la kesho: nitafanya. Msimamo ni jambo ambalo mtu amelishikilia jana na leo, hata lilipomgharimu kitu. Ahadi huonekana katika karatasi ya kampeni. Msimamo huonekana katika kumbukumbu: alichosema alipokuwa na nafasi ya kusema, alichopigia kura, na alichofanya na fedha alipokabidhiwa fedha.

Jambo la pili ni kuuliza kama kitu alichoahidi kimo katika uwezo wa Mbunge. Tuchukue zile ahadi tatu za karatasi ya mama yetu, moja moja.

"Nitapandisha bei ya kahawa." Kahawa yetu ya Kilimanjaro ni ya aina ya arabika, na bei yake hufuata soko la dunia, hasa soko la New York. Kwa miaka mingi imeuzwa kwa mnada hapa hapa Moshi, lakini wanunuzi wa mnadani hutazama bei ya huko ng'ambo. Zamani ulikuwapo mkataba wa dunia, wa mwaka 1962, uliogawa kiasi ambacho kila nchi ingeuza ili bei isianguke. Julai 1989 mgao ule ulivunjika, bei ikaporomoka, na wapo wakulima wa mlimani walioacha mibuni wakageukia nyanya na mahindi. Hakuna Mbunge aliyeweza kuzuia. Kwa hiyo ahadi hii, kama ilivyoandikwa, si ahadi ya kupimwa. Lakini Mbunge aweza kudai mambo mengine ya kahawa: tozo zinazomkata mkulima, fedha za utafiti na miche bora kutoka Lyamungu, na sheria zinazosimamia mnada. Muulize juu ya hayo, naye hatakosa njia ya kukujibu.

"Nitafuta ushuru." Hapa tumefika mahali penye sheria. Ushuru wa mazao hukusanywa na halmashauri, lakini kiwango chake huwekwa na sheria iliyopitishwa na Bunge. Hapo kwanza kiwango cha juu kilikuwa asilimia 5. Katika bajeti iliyosomwa Juni 2017 kilipunguzwa: asilimia 3 kwa mazao ya biashara kama kahawa, na asilimia 2 kwa mazao ya chakula.

Tufanye hesabu. Andikeni: kahawa ya shilingi 400,000. Asilimia 5 yake ni shilingi 20,000. Asilimia 3 yake ni shilingi 12,000. Tofauti ni shilingi 8,000. Kisheria mlipaji wa ushuru ni mnunuzi, lakini mnunuzi mwenye akili huuhesabu kabla ya kutaja bei, kwa hiyo wamgusa mkulima pia. Na shilingi 8,000 zile zilizobaki kwa watu ndizo zilizopungua katika mfuko wa halmashauri, mfuko ule ule wa zahanati. Basi mgombea asemaye atafuta ushuru wote aulizwe maswali mawili. La kwanza: kama ulikuwamo Bungeni mwaka 2017, ulisema nini? La pili: zahanati italipiwa na nini?

"Nitaleta maji." Babu zetu walichimba mifongo ili maji yashuke kutoka msituni mpaka katika kihamba. Leo maji yana bodi, wakala na Wizara, na fedha zake hutajwa katika bajeti. Mbunge hachimbi bomba kwa mkono wake. Kazi yake ni kuuliza maswali, kudai fungu la fedha, na kufuatilia kama fedha zilizotajwa zimefika. Mambo yote hayo huacha alama katika maandishi.

(Mwalimu wa darasa: simamisha hapa kwa dakika tano. Wanafunzi watoe ahadi moja waliyowahi kuisikia, kisha waseme kama imo katika uwezo wa Mbunge.)

MAANDISHI YENYEWE YAKO WAPI?

La kwanza na lililo kubwa ni Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge, ambazo wengi huziita Hansadi. Kila neno linalosemwa Bungeni Dodoma huandikwa humo. Wasikilizaji wapenzi, kumbukeni neema hii: nchi nyingi zina kumbukumbu kama hizi katika lugha ambayo mkulima haijui, lakini zetu zimeandikwa kwa Kiswahili. Mtu aliyemaliza kitabu cha kusoma aweza kuzifuata. Taarifa hizo zimewekwa katika tovuti ya Bunge, siku kwa siku. Kama huna chombo, kijana wa nyumbani mwenye simu atakufungulia. Mwambie atafute mkutano wa bajeti, ambao huanza Aprili na kwisha Juni, kwa kuwa mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai.

Ndani ya Taarifa utakuta sehemu mbalimbali. Asubuhi kuna maswali na majibu. Humo utaona Mbunge aliuliza nini, Waziri alijibu nini, na kama Mbunge aliongeza swali la nyongeza au alinyamaza. Baadaye kuna michango, yaani hotuba za Wabunge juu ya bajeti ya kila Wizara. Mwishoni mwa kila Wizara, Mbunge asiyeridhika aweza kutoa hoja ya kupunguza shilingi moja katika mshahara wa Waziri. Ndiko kunakoitwa kutoa shilingi. Ukiona mgombea wako aliwahi kutoa shilingi, soma mpaka mwisho. Je, aliirudisha? Alipewa jibu gani hata akairudisha?

Utaona pia neno "Makofi" katika mabano. Maana yake wenzake walipiga makofi. Msidanganyike na neno hilo. Makofi si hoja, wala hayaleti bomba la maji. Soma kilichosemwa kabla ya makofi.

Pili, kura. Miswada mingi hupitishwa kwa sauti: wanaokubali husema ndiyo, wasiokubali husema siyo, na jina la mtu mmoja mmoja haliandikwi. Lakini bajeti ya Serikali hupigiwa kura kwa kuitwa majina, na jibu la kila Mbunge huandikwa. Hapo hakuna maficho. Hata hivyo tuwe waangalifu, kwa kuwa Mbunge mara nyingi hufuata chama chake. Kura yake yaonyesha msimamo wa chama. Mchango wake ndio uonyeshao zaidi yale yanayomkera mwenyewe.

Tatu, hesabu za fedha za umma. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukagua halmashauri zote na kumkabidhi Rais ripoti kila mwaka kabla ya mwisho wa Machi, kisha ripoti hupelekwa Bungeni na kutangazwa. Humo halmashauri hupewa hati. Inayoridhisha ni hati njema. Yenye shaka maana yake kuna mambo hayakunyooka. Mbunge na diwani ni wajumbe wa baraza la halmashauri, kwa hiyo twaweza kuwauliza walisema nini ripoti ilipoletwa. Tena kuna Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009. Kamati ya mfuko huo katika kila jimbo huongozwa na Mbunge mwenyewe. Kama mgombea alikuwa Mbunge, mfuko huu ni mtihani mzuri: fedha zilikwenda katika mradi gani, kijiji gani, nao mradi umekwisha?

Nne, mikutano ya karibu. Labda mgombea wako hajapata kuwa Mbunge. Usiseme hana kumbukumbu. Je, alikuwa diwani? Mikutano ya Baraza la Madiwani ni ya hadhara, nayo huandikwa mihtasari. Alikuwa mwenyekiti wa kijiji? Mkutano mkuu wa kijiji hupaswa kufanyika kila miezi mitatu, na mapato na matumizi husomwa humo. Alikuwa kiongozi wa chama cha msingi cha ushirika? Basi ziko hesabu zilizokaguliwa na Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, COASCO, na muhtasari wa mkutano mkuu wa wanachama. Mtu aliyeshika fedha za wakulima 300 amekwisha tuonyesha namna atakavyoshika fedha za jimbo.

Tano, mali na biashara. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 yamtaka kiongozi, na Mbunge akiwamo, aandike tamko la mali na madeni yake. Daftari la matamko hayo haliko wazi kwa kila mpita njia. Sheria imeweka masharti ya kulitazama. Lakini usajili wa makampuni uko kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, na mtu aweza kulipa ada na kutafuta habari za kampuni. Kuwa na kampuni si kosa. Ila mgombea anayenunua kahawa akisema juu ya ushuru wa kahawa, ni vema tujue amesimama upande gani wa mzani.

Sita, ilani ya chama. Hiki ni kitabu cha ahadi za chama chote. Kilinganishe na maneno ya mgombea. Akiahidi jambo lililo kinyume cha ilani ya chama chake, muulize atalipitishaje.

Na kama ofisi haina karatasi mezani? Andika barua. Iko Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Kwa sheria hiyo raia aweza kuomba taarifa kutoka ofisi ya umma, nayo ofisi yapaswa kujibu katika siku 30. Yako mambo ambayo sheria imeyazuia, kama yale ya usalama wa nchi, lakini matumizi ya fedha za zahanati ya kijiji chako si siri ya vita. Barua na iwe fupi: jina lako, anwani yako, taarifa unayoitaka, na mwaka wake. Kama mkono wako bado mzito, andikeni pamoja darasani; hilo nalo ni zoezi zuri la imla. Na msingoje wiki ya uchaguzi. Siku 30 ni nyingi mtu akichelewa.

MFANO WA MTU WA MKOA HUU

Sitataja mgombea yeyote wa leo, maana somo hili si la kumpigia mtu debe. Nitatoa mfano wa mzee aliyekwisha kupumzika. Marehemu Cleopa Msuya alizaliwa Usangi katika milima ya Upare. Alikuwa Mbunge wa Mwanga kwa miaka mingi, Waziri wa Fedha zaidi ya mara moja, na Waziri Mkuu mara mbili. Alifariki Mei 2025.

Mwaka 1984 alikuwa Waziri wa Fedha. Wenye umri wanakumbuka hali ya siku zile: sabuni haipatikani, sukari haipatikani, khanga hazipatikani. Katika bajeti ya mwaka ule Serikali iliruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuleta bidhaa kutoka nje bila kuulizwa fedha zimetoka wapi. Tena iliondoa ruzuku ya unga wa sembe, na bei ya unga ikapanda. Mwaka uliofuata, 1985, ulikuwa mwaka wa uchaguzi.

Sasa, mpiga kura wa Mwanga aliyesoma hotuba ile hakuhitaji kubahatisha. Alijua kwamba Bwana Msuya amesimama mbele ya Bunge zima na kutetea kufungua biashara kidogo, hata kama unga utapanda. Mmoja aliweza kusema, "Vema, sabuni imerudi dukani." Mwingine aliweza kusema, "Mimi ninunuaye unga nimeumizwa." Wote wawili walikuwa na haki ya kusema hivyo, na wote wawili walisema juu ya jambo lililo kweli. Hiyo ndiyo faida ya maandishi. Hayakulazimishi kumpenda mtu wala kumchukia. Hukuondoa tu katika giza.

Lakini tuangalie jambo moja. Waziri akisoma bajeti husema kwa niaba ya Serikali nzima, si kwa nafsi yake tu. Kwa hiyo hotuba ya Waziri na mchango wa Mbunge wa kawaida visipimwe kwa mizani moja.

MAKOSA YA KUEPUKA

Kosa la kwanza ni kuchanganya watu. Huku kwetu majina ya ukoo ni yale yale: Mushi, Massawe, Lyimo, Swai, Kimaro. Ukisoma maneno ya Mheshimiwa Mushi, hakikisha ni yupi, wa jimbo gani na wa mwaka gani, usije ukamtwika mtu mzigo wa jirani yake.

Kosa la pili ni kusoma mstari mmoja. Mtu aweza kusema, "Wako wanaotaka ushuru uongezwe, nami nawapinga." Ukikata nusu ya kwanza na kuipeleka kilabuni, umemsingizia. Soma ukurasa mzima.

Kosa la tatu ni kuhukumu ukimya upesi. Mbunge aliyekuwa Waziri haulizi maswali, kwa sababu yeye ndiye ajibuye. Tafuta kazi yake mahali pengine.

Kosa la nne ni kumpima mmoja tu. Ukifungua kumbukumbu za usiyempenda na kuacha za unayempenda, umeweka jiwe chini ya mzani. Wapime wote kwa maswali yale yale.

Na kosa la tano ni kuhesabu uvumi kama ushahidi. "Nimesikia" si stakabadhi. Ukiulizwa, uwe na uwezo wa kusema: karatasi ni hii, siku ni hii.

KAZI YA JUMA HILI

Chukua ukurasa mmoja wa daftari, upige mistari miwili kutoka juu mpaka chini ili upate safu tatu. Safu ya kwanza andika: Ameahidi nini. Safu ya pili: Amewahi kusema au kufanya nini. Safu ya tatu: Nimeona wapi. Kila mgombea apewe ukurasa wake. Mahali usipopata kitu, acha wazi. Nafasi iliyo wazi nayo ni habari, tena ndiyo itakayokuwa swali lako mkutanoni. Simama kwa adabu, mwite mgombea kwa heshima yake, kisha uliza: "Mheshimiwa, umeahidi kufuta ushuru. Nimesoma mchango wako wa bajeti nami sikuona neno la ushuru. Tueleze." Hutakuwa umemtukana. Umemsomea tu.

Nilirudi katika lile darasa nikiwa na ukurasa wenye safu tatu. Mama yule aliuchukua, akaandika ahadi zile tatu katika safu ya kwanza kwa herufi kubwa. Kisha akanyoosha kidole kwenye safu ya tatu, iliyokuwa tupu, akasema, "Hii ndiyo kazi." Ndivyo. Safu ya tatu ndiyo kazi. Kijana wa mjukuu wake alileta simu jioni ile ile, wakaketi wawili, yeye akisoma na kijana akigeuza kurasa. Sijui alimpigia kura nani, wala sikumuuliza. Kura ni siri yake. Lakini najua kwamba hakuitoa bila stakabadhi.

Kwaherini, na tukutane juma lijalo.

MANENO YA KUJIFUNZA

Bajeti: hesabu ya mapato na matumizi ya Serikali kwa mwaka mmoja.
Hoja: jambo linaloletwa mkutanoni lizungumzwe na kuamuliwa.
Ilani: kitabu cha ahadi za chama wakati wa uchaguzi.
Muhtasari: maandishi mafupi ya mambo yaliyosemwa na kuamuliwa mkutanoni.
Mswada: sheria ambayo bado haijapitishwa.
Ruzuku: fedha za Serikali zinazotolewa ili bei isipande.
Stakabadhi: karatasi inayothibitisha kwamba kitu kimetolewa au kimepokelewa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kuna tofauti gani kati ya ahadi na msimamo? Toa mfano wako mwenyewe.
2. Mkulima ameuza kahawa ya shilingi 650,000. Ushuru wa asilimia 3 ni shilingi ngapi? Je, ungekuwa asilimia 5?
3. Kwa nini Mbunge hawezi kuahidi bei ya kahawa? Aweza kudai mambo gani mengine kwa ajili ya mkulima?
4. Mgombea hajawahi kuwa Mbunge, lakini aliongoza chama cha msingi. Utatafuta maandishi gani?
5. Andikeni pamoja barua fupi ya kuomba taarifa ya matumizi ya fedha za mradi mmoja wa kijiji chenu. Someni kwa sauti, sahihisheni, kisha ipelekeni.